Kilichomo Ndani ya Kochi

Meno yalikuwa upande wa kushoto wa kochi, chini kabisa, kati ya mbao na springi, mahali ambapo mkono wa mtu aliyekaa haufiki hata ajipinde vipi. Safu nzima ya juu, na ufizi wake wa plastiki ya waridi. Fundi aliyatoa kwa koleo, akayapuliza vumbi, akayatazama kidogo, kisha akanyoosha mkono kutafuta kitambaa cheupe.

Huo ndio ulikuwa utaratibu wake tangu aanze kutengeneza makochi. Kochi likifunguliwa, chochote kilichotoka ndani, iwe sarafu, funguo, soksi ya mtoto au barua, kiliingia kwenye mfuko mdogo mweupe alioushona mwenyewe kwa mabaki ya kitambaa, na mdomo wa mfuko ukashonwa kwa uzi mwekundu. Mwenye kochi alipewa kochi lake na mfuko wake, na Fundi hakusema neno. Wapo waliokata uzi palepale. Wapo waliouminya kwa nje tu, wakaelewa, wakautia mfukoni haraka haraka. Miaka kumi na tisa Fundi alikuwa akiingia kwenye sebule za watu na kutoka, na hakuna aliyewahi kusikia kutoka kwake nani anakalia nini.

"Ngoja," alisema mkewe. "Usishone kwanza."

Mkewe mtaa mzima ulimwita Katibu, kwa sababu alikuwa katibu muhtasi kwenye ofisi moja mpaka ofisi hiyo ikafungwa, na kwa sababu hata baada ya kufungwa aliendelea kupokea simu kwa sauti ya ofisini. Alipokosa kazi alihamia karakana kwa mumewe akiwa na simu yake na mipango mingi. Mwanzo alifanya kama wanavyofanya wengi. Alichukua mtandaoni picha za makochi ya nchi za watu, meupe pe, yaliyopangwa kwenye vyumba visivyokaliwa na mtu, akaandika chini yake: "Ubora ndiyo jadi yetu. Karibu tukuhudumie." Kwa miezi minne ukurasa ulipata wafuasi kumi na saba, na kumi na mmoja kati yao walikuwa ndugu zake. Mteja mmoja tu ndiye aliyefika, simu mkononi, akiulizia kochi la umbo la nusu mwezi alilokuwa ameliona kwenye ukurasa. Katibu alijikuta anasema limeshauzwa. Fundi, aliyekuwa amechuchumaa pembeni na misumari mdomoni, aliitema yote kiganjani na kumwambia yule mteja, "Hatujawahi kulitengeneza. Hata sijui linakaliwaje." Mteja alicheka, akaenda zake, na Katibu siku ile alitamani ardhi ipasuke aingie.

Alifuta picha zote. Akaanza kuandika yale aliyokuwa akiyaona pale karakana, kwa maneno yale yale ambayo angewasimulia majirani akianika nguo: kochi lililopasuka tumbo, panya aliyejenga ndani ya mto, kalamu ya dhahabu iliyotafutwa miaka mitatu. Kila alipotaka kuonyesha kitu alimpigia mwenyewe na kuomba ruhusa. Ukurasa aliubatiza Kilichokutwa Kitini. Watu walianza kuusoma asubuhi wakinywa chai, na walipofika elfu tatu, karakana ambayo zamani ilikuwa na viti viwili kwa mwezi ilianza kupanga foleni ya makochi mpaka nje, chini ya turubai. Katibu alirudisha mwendo wake wa zamani, ule wa kutembea kama anawahi kikao.

Sasa alisimama juu ya yale meno, na bega lake lilikuwa linatikisika kwa kicheko.

"Umemwuliza mwenyewe?" aliuliza Fundi.

"Simtaji jina. Meno hayana jina."

"Katibu."

"Picha moja tu. Watu wana mawazo yao huko, acha wacheke kidogo. Nani atajua?"

Fundi alikuwa na la kusema, lakini alikuwa mtu ambaye neno humchukua muda mrefu kupanda mpaka mdomoni, na kabla halijafika, Katibu alikuwa ameshaweka meno juu ya ukingo wa kochi, amerudi nyuma hatua mbili, na kupiga picha. Chini yake aliandika: "Leo kochi limetuchekea." Ilikuwa saa nne na nusu asubuhi.

*

Saa sita ilikuwa haijafika bado, na watu mia nane walikuwa wameshacheka. Katibu alisoma maoni kwa sauti huku Fundi akipigilia misumari, na alisoma vizuri mpaka alipofika kwa mama mmoja aliyeandika: "Jamani, hiyo miguu ya simba naijua! Nililia mbele yake siku naombewa nafasi ya darasa la kwanza." Chini yake mwingine: "Hata mimi! Nilichapwa nikiitazama." Na mwingine, bila haya: "Kumbe Mwalimu Mkuu ni kibogoyo!"

Katibu aliacha kusoma. Aliitazama picha upya. Meno yalikuwa katikati, ndiyo, lakini pembeni, wazi kabisa, ulionekana mguu wa kochi uliochongwa makucha ya simba. Kochi la namna ile lilikuwa moja tu mji mzima. Kila mzazi aliyewahi kwenda kumbembeleza Mwalimu Mkuu amchukulie mtoto, na kila mtoto aliyewahi kupelekwa nyumbani kwake kwa kosa, alikuwa amekodolea macho makucha yale akisubiri hukumu. Mwalimu alikuwa amestaafu miaka sita iliyopita, ila makucha hayakustaafu.

Aliifuta hapo hapo. Haikusaidia kitu, wengine walikuwa wameshaihifadhi na kuisambaza.

Na Mwalimu Mkuu huyo ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya ukumbi wa mji, na ukumbi ulikuwa na viti mia moja na ishirini vinavyotaka kuvalishwa upya. Alipoleta kochi lake alisema wazi kwamba analileta kama mtihani: likitoka vizuri, viti ni vya Fundi. Kazi ile ingewaweka pale karakana mwaka mzima bila kumwogopa mwenye kibanda na kodi yake.

Kesho yake alikuja mama mwenye duka la vitambaa. Viti vyake viwili vilikuwa havijaguswa.

"Naviomba tu viti vyangu," alisema.

"Vitakuwa tayari Alhamisi, dada," alisema Katibu kwa sauti yake ya ofisini.

"Najua. Naviomba hivi hivi."

Kijana wa mkokoteni aliviinua. Lakini kabla havijafungwa kamba, yule mama alivisimamisha, akakunja mkono wa gauni lake, akaingiza mkono kwenye kona za kiti cha kwanza mpaka kwenye kiwiko, akapapasa, akatoa. Kisha cha pili. Hakupata kitu. Aliaga kwa heshima zote na kuondoka. Katibu alibaki amesimama na daftari la oda mkononi. Mchana wakapiga simu wengine wawili: mmoja mume wake amebadili mawazo, mwingine amepata fundi wa jirani.

"Sema basi," alimwambia mumewe. "Nigombeze yaishe."

"Nikugombeze nini? Naona aibu tu."

"Mimi ndiye niliyeleta watu hapa, Fundi. Ulikuwa na viti viwili kwa mwezi."

"Kweli. Uliwaleta, na sikukushukuru vya kutosha." Alitafuta neno lililofuata kwa muda. "Walikuja kwa sababu ulikuwa husemi uongo. Ila hili la jana, hata kama ni kweli, halikuwa lako kulisema."

Katibu alikaa juu ya rundo la sponji, akavua viatu, akalia kidogo. Fundi alimwacha alie, akachukua kitambaa cheupe na kuanza kushona mfuko.

*

Sebule ya Mwalimu Mkuu ilikuwa na nafasi tupu katikati, na alama nne sakafuni mahali makucha yalipokuwa yakikaa. Mwalimu hakuwaingiza ndani. Aliwatolea viti vya plastiki barazani.

"Shikamoo, Mwalimu," walisema pamoja, kama wanafunzi.

"Marahaba. Ningewakalisha kwenye kochi," alijibu, mkono ukiziba mdomo, "lakini mnalo nyinyi."

Fundi aliweka mfuko mweupe juu ya meza. Hakuna aliyeugusa. Katibu alikuwa ameyafanyia mazoezi maneno yake njia nzima, na sasa aliyatoa yote kwa mpangilio: "Tumekuja kueleza masikitiko yetu makubwa kutokana na usumbufu uliojitokeza..."

"Usumbufu haukujitokeza, mama. Uliuleta wewe."

Katibu alifunga mdomo. Alipoufungua tena, ile sauti ya ofisini ilikuwa imetoweka.

"Ni mimi, Mwalimu. Mume wangu alinionya. Nilitaka watu wacheke, nilitaka wanipende. Nilijua natakiwa nikuulize. Na nilijua ungekataa, ndiyo maana sikukuuliza. Nisamehe."

Mwalimu alitazama barabarani. Alikuwa mzee mrefu, mwenye shati lililopigwa pasi vizuri, na bila meno ya juu uso wake ulikuwa umelegea upande mmoja.

"Watoto wanapita hapo wananiimbia kibogoyo," alisema hatimaye. "Hilo si kitu. Miaka thelathini na minne darasani, nimeitwa majina mabaya kuliko hilo. Unajua nilimwambia nini mke wa mwanangu?"

Katibu alitikisa kichwa.

"Alikuja kunifanyia usafi. Kesho yake siyaoni meno. Nikamwambia ameyatupa na takataka. Nilimwambia mbele ya mumewe, mbele ya watoto wake. Akaapa. Nikamwambia asiape kwenye nyumba yangu. Hajakanyaga hapa, mwezi wa saba huu. Sasa ameiona hiyo picha, kama walivyoiona wote."

"Amesemaje?" aliuliza Fundi.

"Anapiga. Naona jina lake, sipokei. Nipokee nimwambie nini?"

Hapo Katibu aliona uzito wa alichofanya, na aliumia kuliko alivyoumia kwa ajili ya viti vya yule mama. Fundi aliinuka kuaga. Habari ya viti vya ukumbi haikuguswa mpaka walipofika getini, na aliyeigusa ni Mwalimu mwenyewe: kamati inakaa Jumatatu, asingeweza kuwaahidi, kila mjumbe alikuwa ameona. Kisha hasira ikampanda tena, akasema kwa nguvu mpaka akasahau kuziba mdomo:

"Mnafungua makochi ya watu kila siku. Na nyinyi je? Kwenu hamna kochi? La kwenu lina nini ndani?"

Katibu alitabasamu kwa adabu. Fundi hakutabasamu.

*

Kochi lao lilikuwepo, na lilikuwa kituko. Fundi aliyewatengenezea nusu ya mji alikuwa na kochi lililochanika mikono, limebonyea katikati, na mguu wa nyuma ulioshikiliwa na tofali. Katibu alishalalamika mpaka akachoka. Mama mzazi wa Fundi, Bibi kwa mtaa mzima, aliyekaa nao na kukalia kochi lile kutwa nzima, bado hakuchoka.

"Hapa pana kitu kinanichoma," alisema Bibi jioni ile, kama alivyosema jioni zote.

"Ni springi, mama," alijibu Fundi, kama alivyojibu jioni zote.

"Springi gani ina kona nne?"

"Jumapili tutalifungua hili," alisema Katibu ghafla. "Laivu. Bila kulichungulia kwanza. Kitakachotoka kitoke, watu wakione."

"La nini?" aliuliza Fundi.

"Mwalimu kauliza swali, hatukumjibu. Nimeonyesha ya watu mwaka mzima, yangu sijaonyesha hata moja. Nitaanza kwa kusema nimekosa, sitamtaja mtu, halafu nitafungua la kwangu. Nikipata aibu, nipate na mimi."

"Hakutakuwa na kitu."

"Basi wataona hakuna kitu."

Fundi aliinuka akaenda kunawa mikono, ambayo alikuwa ameshanawa. Alikuwa na sababu ya kutolitengeneza kochi lile, ilikuwa na kona nne, na hakuna mwingine duniani aliyeijua.

Jumamosi Katibu alipokwenda sokoni, alipiga magoti nyuma ya kochi na mkasi mkononi. Ingekuwa kazi ya dakika mbili: kukata mshono, kutoa, kushona tena. Mikono yake ilijua kushona mahali pasijulikane pamewahi kufunguliwa. Tayari mkasi ulikuwa umeshika uzi wa kwanza.

"Unatafuta nini?" aliuliza Bibi kutoka juu.

"Nakagua kitambaa, mama."

"Kikague na hicho kinachonichoma."

Fundi alibaki amepiga magoti. Alimkumbuka Katibu kule barazani, sauti ya ofisini ikimtoka na yeye akibaki vile alivyo mbele ya mzee wa watu. Hakuwahi kumwona anafanya jambo gumu kama lile. Aliondoa mkasi, akautia mfukoni, akatoka kwenda kukaa nje.

*

Jumapili saa tisa alasiri, Bibi alihamishiwa kwenye kiti cha jikoni, na Katibu akasimamisha simu juu ya kabati, ikaanguka, akaamua kuishika mwenyewe. Hakujipaka chochote. Alikuwa amevaa kanga yake ya nyumbani.

"Habari zenu," alisema. "Wiki hii nilionyesha kitu cha mtu bila kumwuliza, nikamuumiza. Nimemwomba msamaha yeye mwenyewe, na nyinyi naomba msiendelee kutumiana ile picha. Leo nafungua kochi la kwangu. Sijui lina nini. Bibi anasema lina springi yenye kona nne."

Watu mia mbili walikuwa wanatazama, kisha mia tano. Fundi alilipindua kochi, akakata mshono wa chini. Hakuwa amewahi kukubali kupigwa picha ya uso. Leo alikuwa mbele ya simu, jasho likimtoka.

Kwanza zilitoka sarafu mbili, kijiko, na sega la Katibu lenye meno matatu tu. Kisha zikaja peremende, za aina moja, moja baada ya nyingine, mpaka zikawa kumi na nne. Daktari alikuwa amemkataza Bibi sukari.

"Hizo si zangu," alisema Bibi kutoka jikoni, kabla hajaulizwa.

Maoni yalijaa vicheko. Katibu naye alicheka, akaanza kuamini kwamba mambo yataishia pale, salama. Ndipo Fundi akaingiza mkono mpaka begani, akasita, akatoa furushi lililofungwa raba. Raba ilikatika kwa uzee, na kadi ndogo za njano zikamwagika sakafuni.

Katibu aliinama akaokota moja. Hakuhitaji kuisoma, maana aliiandika yeye. Ilikuwa miaka kumi na moja iliyopita, mshahara wake wa kwanza kule ofisini. Alichapisha kadi mia mbili kabla hajajinunulia hata viatu. *Fundi wa Makochi. Tunakufuata nyumbani.*

"Hizi si zile..."

"Ndizo."

"Uliniambia zimeisha kwa siku mbili. Uliniambia watu walizigombania."

"Nilikuambia."

Simu ilikuwa imeelekea dari, na watu mia saba waliona taa na utando wa buibui. Katibu alijua anaweza kuizima, na wala hakuna ambaye angemlaumu. Alijua pia kwamba kilichotoka sasa kilikuwa cha mtu mwingine.

"Fundi," alisema taratibu. "Nizime?"

Fundi alimtazama. Mwaka mzima wa ukurasa ule alikuwa hajamtazama namna ile.

"Umeniuliza," alisema. "Usizime."

Akakaa sakafuni katikati ya kadi, akaitazama simu kwa mara ya kwanza.

"Nilimpa mtu moja," alisema. "Kule kituoni. Mtu aliyevaa vizuri. Nikamwambia, mimi ni fundi wa makochi. Akaipokea. Akaikunja, akachokoa nayo meno, mbele yangu, huku ananitazama. Akaitupa. Nikarudi nyumbani. Sikuweza kumpa mwingine, na sikuweza kumwambia mke wangu, maana alikuwa na viatu vilivyotoboka." Alipanga kadi chache kwa vidole. "Kwa hiyo ni mia moja tisini na tisa. Kila mwaka nasema nitazitoa. Ndiyo sababu kochi letu liko hivi. Si uvivu."

Katibu alicheka, na katikati ya kicheko akakuta analia, vyote kwa pamoja, bila kujificha. "Miaka kumi na moja najiuliza kwa nini simu haikulia hata mara moja," alisema. "Nilidhani nilikosea namba!"

"Kumbe ndizo zilizokuwa zinanichoma!" alipaza sauti Bibi, ambaye alikuwa amekwishatoka jikoni na alikuwa anakusanya peremende zake.

*

Jumanne asubuhi Mwalimu Mkuu alikuja kuchukua kochi lake. Alikuja na mwanamke mwenye umri wa kati aliyebeba mtoto mgongoni, na kabla hajasalimia alitabasamu, na tabasamu lilikuwa kamili, juu na chini.

"Huyu ni mkwe wangu," alisema. "Nilipokea simu Jumapili jioni, baada ya kuwatazama nyinyi na kadi zenu. Alicheka dakika kumi, mimi nimeshikilia tu. Nikamwambia, mwanangu, nilikusingizia. Akasema, baba, najua, nimeyaona kwa macho yangu, na mji mzima umeyaona. Akacheka tena."

"Sikuwa nacheka meno," alisema mkwe. "Nilikuwa nacheka kwamba nimeshinda kesi."

Mwalimu alilizunguka kochi, akaminya mito, akapiga teke dogo kwenye makucha. Likawa limefaulu, ingawa hakusema hivyo. Alisema kamati ilibishana sana. Mjumbe mmoja alipinga, wengine walikuwa wametazama laivu ile na wake zao. Walikubaliana waanze na viti sitini. Vilivyobaki vingetegemea mwenendo. Chochote kitakachokutwa kiingie mfukoni na kushonwa, apewe yeye mkononi.

"Na mimi sitaandika hata herufi," alisema Katibu.

"Andika, mama. Uniulize tu kwanza." Kisha akamgeukia Fundi. "Zile kadi bado unazo? Nipe moja."

"Namba ya simu ilishabadilika, Mwalimu."

"Basi irekebishe."

Wakaanza kuzirekebisha palepale, wamekaa juu ya mbao za kochi lao lililofunguliwa, ambalo Fundi alikuwa ameshalileta karakana. Katibu alikata namba ya zamani kwa mstari mmoja na kuandika mpya chini yake, kwa mwandiko wake wa ofisini. Fundi alipuliza wino ukauke. Alimwambia kwamba kochi lile litakuwa la kwanza kuvalishwa, kabla ya viti vya ukumbi, na achague kitambaa yeye. Katibu alisema atachagua cha bei mbaya, na alimaanisha. Mwalimu alipewa kadi ya kwanza, akaitia kwenye pochi. Zikabaki mia moja tisini na nane.

Fundi alichukua kumi, akavaa shati safi, akavuka barabara. Ng'ambo alikaa muuza vocha, jirani waliyesalimiana kila asubuhi kwa miaka yote, aliyekuwa amelikalia kochi lao mara nyingi alipowatembelea.

"Mimi ni fundi wa makochi," alimwambia, na kumnyooshea kadi kwa mikono miwili.

"Najua, jirani."

"Najua unajua. Shika."

Jirani alipokea. Fundi alisimama akisubiri aone ataifanyia nini. Jirani aliisoma yote, mstari hadi mstari, hata namba iliyokatwa, kisha akatafuta gundi na kuibandika kwenye kioo cha kibanda chake, upande unaotazama barabara. Katibu, mlangoni mwa karakana, alikuwa na simu mkononi na hakuiinua. Fundi alishukuru, akahesabu kadi tisa zilizobaki, akaenda kwa mtu aliyesimama mbele kidogo, ambaye hakumjua.